Kano Iliyochanika Bila Kuuma

Mwalimu wake alikuwa na sheria moja isiyo na mjadala: hufungui picha za bega kabla hujajua umri wa mwenye bega. Mwanafunzi akiwa na haraka, mwalimu alisogea na kuiziba skrini kwa mwili wake, naye hakuwa mtu mwembamba. "Ana miaka mingapi? Alianguka, au maumivu yalikuja yenyewe? Anafanya kazi gani? Mkono anaweza kuunyanyua?" Fomu ya maombi kwa kawaida haikuwa na jibu hata moja. Iliandikwa "maumivu ya bega la kulia, MRI tafadhali", halafu sahihi isiyosomeka. Basi mwanafunzi alitumwa koridoni akamtafute mgonjwa mwenyewe, akamuulize.

Siku hizi mwanafunzi huyo ni daktari bingwa wa radiolojia jijini Dar es Salaam. Ameomba jina lake lisiandikwe, kwa kuwa baadhi ya watu anaowasimulia bado anakutana nao sokoni na kanisani. Hasomi mabega peke yake. Kwa siku moja anaweza kupitia vichwa, migongo, magoti na matumbo. Lakini ukimuuliza ni kiungo gani kilichomfundisha kazi, hasiti. Ni bega. Mgongo nao ni msumbufu, anasema, ila bega ndilo linalojaza skrini mambo ambayo huenda hayahusiani kabisa na kinachomuuma mtu.

Ubishi wa mwalimu wake ulikuwa na msingi wake. Mwaka 1995 Jerry Sher na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya kuwapiga MRI watu 96 ambao mabega yao hayakuwa na shida yoyote. Watu wazima, wazima wa afya, hawana malalamiko. Asilimia 34 kati yao walikutwa na kano zilizochanika. Kwa waliopita miaka 60, kiwango kilipanda hadi asilimia 54, na zaidi ya nusu ya hao mchaniko ulikuwa umepenya kano kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kwa walio chini ya miaka 40 hakupatikana hata mmoja mwenye mchaniko wa kupenya. Ndiyo kusema picha ileile, yenye doa lilelile, kwa kijana wa miaka 25 ni habari kubwa, na kwa bibi wa miaka 70 huenda ni mvi tu za ndani ya mwili.

Ili kuelewa kwa nini bega lina mambo mengi hivi, inafaa kulitazama lilivyojengwa. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa na cha mviringo, lakini mahali kinapokaa, kwenye kombe la bega, ni padogo na karibu bapa: chungwa juu ya kisahani cha chai. Ndiyo maana mkono unaweza kufika mgongoni, kichwani na kwenye kifundo cha mguu, jambo ambalo nyonga haiwezi hata kuliota. Gharama yake ni kwamba kuna kazi kubwa ya kulizuia chungwa lisidondoke, na kazi hiyo imeachiwa tishu laini. Kukizunguka kisahani kuna ukingo wa tishu ngumu, jamii ya gegedu, unaoitwa labramu, ambao unakiongezea kina na kushikilia ligamenti. Kuuzunguka ule mviringo kuna misuli minne ambayo kano zake zimeungana kuwa kama pindo moja. Madaktari huiita rotata kafu. Suprasipinatasi iko juu, infrasipinatasi na teres maina ziko nyuma, sabskapularisi iko mbele. Ya juu ndiyo inayoharibika mara nyingi zaidi. Inapita chini ya paa la mfupa, kisha inapinda kuufuata mviringo wa kichwa cha mkono na kujishikiza pembeni yake, kwenye eneo lenye upana wa takriban sentimita moja tu na kidogo.

Hiyo sentimita moja na kidogo ndiyo inayowala madaktari wa radiolojia muda wao.

Mashine ya MRI haitumii mionzi kama eksirei. Inategemea haidrojeni, hasa iliyo kwenye maji na mafuta ya mwili, na sumaku yenye nguvu. Paul Lauterbur alipochapisha picha ya kwanza ya aina hii katika jarida la Nature mwaka 1973, haikuwa ya mtu bali ya mirija miwili midogo ya maji. Miaka 30 baadaye, mwaka 2003, yeye na Mwingereza Peter Mansfield walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Kwa msomaji wa bega, jambo la kushika ni hili: maji yaliyomo ndani ya kano nzima yamebanwa sana na nyuzi za kolajeni, kiasi kwamba ishara yake hupotea kabla mashine haijaidaka. Kano nzima kwa hiyo ni nyeusi. Majimaji ya kiungo, kwenye picha zilizopigwa kwa namna ya T2 huku mng'ao wa mafuta umezimwa, ni meupe pe. Mchaniko ni weupe uliopenyeza ndani ya weusi.

Ingekuwa rahisi hivyo, kazi hii ingefanywa na yeyote mwenye macho. Somo la kwanza lililomkaa kichwani daktari huyu lilihusu sehemu ileile kano inapopinda. Mwalimu aliwaonyesha picha ambayo suprasipinatasi ilikuwa na doa la kijivu linalong'aa, sentimita moja hivi kabla ya kufika mfupani. Wanafunzi wote wakasema: imechanika. Mwalimu akafungua picha za mpangilio mwingine, zile zinazosubiri ishara kwa muda mrefu zaidi. Doa halikuwepo. Kano ilikuwa nyeusi tii kutoka mwanzo hadi mwisho.

Waliloliona lina jina la kuchekesha kidogo, pembe ya mazingaombwe. Nyuzi za kolajeni zikikaa kwa nyuzi 55 kulingana na mwelekeo wa sumaku, ile hali ya kubanwa kwa maji hupungua, na kano nzima hung'aa kana kwamba ina ugonjwa. Suprasipinatasi inapopinda kufuata mviringo wa mfupa, lazima sehemu yake fulani ipite kwenye pembe hiyo. Kwa hiyo mng'ao wa hapo hauaminiki mpaka uonekane kwenye picha za kusubiri muda mrefu, uwe mweupe kama majimaji yenyewe, na uonekane pia kwenye mkato wa mwelekeo mwingine. Daktari anasema hili la mwisho ndilo ambalo watu huliruka wanapochoka. Bega hukatwa kwa mielekeo mitatu: mmoja unaofuata urefu wa suprasipinatasi, mmoja wa ubavu unaoonyesha misuli yote minne ikiwa imelizunguka kombe la bega, na mmoja wa kutoka juu kwenda chini. Kitu kinachoonekana kwenye mwelekeo mmoja tu, yeye hukiita uvumi.

Mashine nazo hazilingani. Hospitali kubwa nyingi hutumia sumaku za Tesla 1.5 au 3, lakini katika miji kadhaa ya Afrika Mashariki bado kuna mashine za wazi zenye nguvu isiyofika hata nusu Tesla. Kwa mgonjwa mwenye hofu ya kufungiwa ndani ya bomba, mashine ya wazi ni neema. Kwa msomaji, ni mtihani. Njia ya kawaida ya kuzima mng'ao wa mafuta haifanyi kazi vizuri kwenye sumaku dhaifu, inabidi itumike njia nyingine iitwayo STIR, na mikato huwa minene. Labramu, ambayo upana wake ni milimita chache tu, hapo inaweza kuwa kivuli. Daktari huyu aliwahi kufanya kazi na mashine ya namna hiyo mkoani, na msimamo wake ni kwamba michaniko mikubwa ya kano inaonekana vizuri tu; usijifanye kuona labramu. Aliandika hivyo kwenye ripoti zake bila kuona haya: labramu haikuweza kupimwa kwa mashine hii.

Kuna habari za mzee mmoja, fundi seremala mstaafu, ambazo anapenda kuwasimulia madaktari wanafunzi. Mzee alikuja na bahasha kubwa ya kaki, picha na ripoti kutoka kituo kingine. Ripoti ilitaja mchaniko wa kupenya wa suprasipinatasi ya kulia. Watoto wake walikuwa wameshaanza kuchangishana wampeleke India.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Nimeambiwa bega limekatika."

"Halijakatika, mzee. Kuna kano moja ina tundu. Hebu nyanyua mikono yote miwili, nikuone."

Akainyanyua. Wa kulia ulipanda taratibu huku amekunja uso, lakini ulipanda hadi juu. Daktari akamwomba akae, akachukua mashine ya ultrasaundi, akampima bega la kulia, kisha bila kumweleza sababu akampima la kushoto. La kushoto, ambalo mzee alisema halijawahi kumsumbua maisha yake yote, nalo lilikuwa na tundu, dogo kuliko la kulia kwa milimita chache. Akamgeuzia skrini.

"Hili ni la kushoto?" mzee akauliza.

"La kushoto, mzee wangu."

"Na haliumi."

"Ndiyo hivyo."

Mzee alicheka, halafu akauliza swali ambalo, kwa maoni ya mwandishi huyu, ni zito kuliko maswali mengi ya mitihani ya udaktari: sasa kama tundu haliumi kushoto, kulia kinachouma ni nini? Jibu la kweli ni kwamba hakuna picha inayoonyesha maumivu. Huenda ni mfuko wa majimaji ulio juu ya kano umepata uchochezi, huenda misuli iliyobaki imechoka kubeba kazi ya mwenzao. Daktari wa mifupa aliyempokea alimpeleka kwenye fiziotherapia. Uamuzi huo una utafiti nyuma yake. Kikundi cha watafiti wa Marekani kilichoongozwa na John Kuhn kiliwafuatilia wagonjwa 452 wenye michaniko ya kupenya iliyokuja bila ajali, wakawaanzishia mazoezi maalumu badala ya kisu. Katika matokeo yaliyotoka mwaka 2013, chini ya robo yao walikuwa wameamua kufanyiwa upasuaji baada ya miaka miwili.

Lakini daktari huwa hamalizii habari za mzee hapo, kwa kuwa anajua mwanafunzi mvivu atatoka na kanuni ya kwamba michaniko haina maana. Papo hapo huwaonyesha picha za mama wa miaka 50 hivi aliyeteleza kwenye ngazi zenye maji, akajizuia kwa mkono, na tangu saa ile hakuweza kuunyanyua. Kano mbili zilikuwa zimeng'oka mfupani na kurudi nyuma. Majimaji yalijaa kila mahali. Misuli ilikuwa bado minene na myeusi, haina mafuta ndani yake, ishara kwamba kano zilikuwa nzima hadi juzi. Kwa mgonjwa huyo hakusubiri ripoti ipigwe chapa. Alimpigia simu daktari wa upasuaji siku ileile. Kano iliyong'oka kwa ajali ikiachwa, inajikunja na msuli wake unageuka mafuta, na baada ya muda hakuna cha kushona.

Hayo mafuta ndiyo yanayotenganisha ripoti inayosaidia na ripoti ya kupamba faili. Mfaransa Daniel Goutallier na wenzake walitoa mwaka 1994 vipimo vya ngazi tano, kuanzia sifuri hadi nne, vya kuonyesha msuli umeingiliwa na mafuta kiasi gani. Ngazi ya tatu, mafuta na nyama vimelingana. Ya nne, mafuta yamezidi. Wao walitumia sitiskani, lakini vipimo vyao vimehamia kwenye MRI, na husomwa kwenye ule mkato wa ubavu. Daktari wa upasuaji anayesoma kwamba kano imechanika amejua nusu tu. Anataka kujua mchaniko una upana gani, ncha ya kano imerudi nyuma umbali gani, na msuli umebaki nyama au umekuwa mafuta, maana mafuta yakishaingia kwa wingi, hata kano ikishonwa kwa mkono wa ustadi, msuli haurudi ulivyokuwa. Mwalimu wa zamani alikuwa na mazoea ya kuchana ripoti ya mwanafunzi iliyokosa maelezo hayo matatu. Kuichana kabisa, mbele za watu. Siku hizi hilo lisingekubalika, na ni vizuri.

Labramu ni shamba lingine. Ili kuitaja, kisahani hugawanywa kama uso wa saa: namba 12 juu, namba 6 chini, na kwa mazoea ya wengi namba 3 ni upande wa mbele, liwe bega la kulia au la kushoto. Bega likitoka kwenda mbele, kama linavyotoka mara nyingi kwa golikipa aliyeangukia mkono au abiria aliyerushwa na bodaboda, labramu hung'oka kati ya namba 3 na 6. Daktari wa London, Arthur Bankart, aliieleza hali hiyo mwaka 1923, na jeraha likachukua jina lake. Wakati uleule, kichwa cha mfupa kinapogonga ukingo wa kisahani, nyuma yake hubonyea. Mwaka 1940 madaktari wawili wa radiolojia wa San Francisco, Harold Hill na Maurice Sachs, waliandika juu ya ubonyeo huo wakitumia eksirei za kawaida. Ukiona kimoja, mwalimu alisema, katafute cha pili. Majeraha hayo mawili hutembea pamoja.

Kwa miaka mingi ripoti ziliishia hapo, na madaktari wa upasuaji walishona labramu kwa kamera na nyuzi, wakashangaa kwa nini baadhi ya mabega yalitoka tena. Jibu moja lilitoka mwaka 2000, na sehemu yake ilitoka bara hili. Stephen Burkhart wa Texas na Joe de Beer wa Cape Town walipitia upasuaji 194 wa namna hiyo. Kwa wagonjwa ambao mifupa yao haikuwa na upungufu mkubwa, mabega yaliyoyumba tena yalikuwa asilimia 4. Kwa wale ambao mfupa wa kisahani ulikuwa umemegeka sana au kichwa kimebonyea vibaya, ilikuwa asilimia 67. Tofauti hiyo ilibadilisha maswali. Labramu iliyong'oka inaonekana kirahisi. Kinachoamua aina ya upasuaji ni kiasi cha mfupa kilichopotea. Siku hizi daktari wetu huchora duara juu ya sehemu ya chini ya kisahani, kwenye mkato wa ubavu, na kupima pengo la mbele. Pengo likikaribia robo ya upana, kushona peke yake hakutoshi, na mazungumzo yanahamia kwenye kuongeza kipande cha mfupa, mbinu iliyoelezwa na Michel Latarjet wa Lyon mwaka 1954.

Umri nao haujaondoka mezani. Bega la kijana likitoka, tafuta labramu. Likitoka la mtu aliyevuka miaka 40, tafuta kano kwanza, kwa sababu kwake pindo la misuli ndilo dhaifu zaidi. Si ajabu mgonjwa wa namna hii kurudishiwa bega lake mahali pake, akafungwa kitambaa, akaambiwa mkono hauinuki kwa sababu ya maumivu, kumbe kano zimeng'oka.

Kuna pia mitego iliyowekwa na Mungu mwenyewe. Sehemu ya juu na mbele ya labramu, kati ya namba 12 na 3, haifanani kwa watu wote. Kwa wengine haijashikamana na mfupa, kuna kijitundu cha asili. Kwa wachache haipo kabisa, na mahali pake kuna ligamenti nene kama kamba. Mwaka 1994 Williams, Snyder na Buford walipitia mabega 200 kwa kamera. Kijitundu walikikuta kwa asilimia 12, na ile hali ya pili, ambayo sasa huitwa Buford, kwa asilimia 1.5. Kwenye picha vyote viwili vinaonekana kama mchaniko. Daktari wa upasuaji akidanganyika na kuishona kamba ile kwenye mfupa, mgonjwa anaamka akiwa hawezi kugeuzia mkono nje, na aliingia hospitali akiwa anaweza. Kwa hiyo weupe chini ya labramu katika eneo hilo, ukiwa na kingo laini na ukifuata mkunjo wa mfupa, daktari huutaja kama umbile. Weupe wenye kingo zilizochakaa, unaoelekea nje ndani ya labramu yenyewe au unaovuka kwenda nyuma zaidi, ndio unaomkalisha wima kitini.

Pale anaposhindwa kuamua, huomba picha zirudiwe baada ya kuchoma dawa ya gadoliniamu iliyozimuliwa sana ndani ya kiungo, mililita 12 hivi, ili majimaji yautanue mfuko na kupenya palipoachana. Wakati mwingine mgonjwa hulazwa mkono ukiwa nyuma ya kichwa, kama mtu anayepumzika chini ya mwembe, mkao unaoivuta labramu ya mbele. Wagonjwa hawaupendi, na wenye bega linalotoka wana haki ya kuuogopa.

Jeraha linalomtia kwenye mabishano zaidi ni lile la juu kabisa ya labramu, kano ya baisepsi inapojishikiza. Stephen Snyder alilipa mwaka 1990 jina la SLAP na kuligawa kwa aina nne. Baada ya hapo likaanza kuonekana kila mahali. James Andrews, daktari maarufu wa wanamichezo wa Marekani, aliwahi kuwapiga MRI warusha mpira wa besiboli 31 wa kulipwa ambao hawakuwa na maumivu yoyote. Asilimia 90 walikuwa na kasoro kwenye gegedu la bega na asilimia 87 kwenye kano. Walikuwa wakirusha mpira vizuri tu. Utafiti mwingine wa mwaka 2016, kwa watu 53 wa miaka 45 hadi 60 wasio na malalamiko, ulikuta wasomaji wawili wakiripoti mchaniko wa juu wa labramu kwa asilimia 55 hadi 72 kati yao. Na mwaka 2017 watafiti wa Norway walitoa matokeo ya wagonjwa 118 waliogawanywa makundi matatu: kundi moja walishonwa labramu, la pili walihamishiwa kano ya baisepsi, la tatu waliingizwa kamera wakafungwa bila kutengenezwa chochote. Baada ya miaka miwili hakukuwa na tofauti ya maana. Mwandishi wa makala haya anakiona kipimo hicho cha Norway kuwa cha ujasiri wa aina yake. Si kila daktari anakubali kuijaribu kazi yake mwenyewe namna hiyo.

Lakini labramu yaweza kuficha jambo lisilosubiri. Daktari anamkumbuka msichana mchezaji wa mpira wa wavu, ambaye fomu yake ilisema maumivu ya bega. Kano zake zilikuwa safi. Daktari aliyekuwa akisoma naye alikuwa tayari kuandika kwamba hakuna tatizo. Kwenye ule mkato wa ubavu, hata hivyo, infrasipinatasi ilikuwa inang'aa kuliko wenzake na ilikuwa imepungua unene. Msuli mmoja ukiwa hivyo peke yake, swali si la msuli tena, ni la mshipa wake wa fahamu. Wakaufuata nyuma, mkato kwa mkato, hadi kwenye njia nyembamba upande wa nyuma wa kombe la bega. Palikuwa na kifuko cha majimaji, ukubwa wa punje ya maharage, kimeubana mshipa. Vifuko vya namna hiyo huchuruzika kutoka kwenye mchaniko wa labramu, na kweli kwa nyuma ulikuwepo, mdogo, ambao wangeupita. Msichana alifanyiwa upasuaji wa kamera.

Matokeo hayo aliyajua kwa sababu alikwenda kuyaangalia. Tabia hiyo haikutoka kwa mwalimu wake, ilitoka kwenye habari za Ernest Codman wa Boston, daktari wa upasuaji aliyeshona kano iliyochanika ya bega mwaka 1909, akaandika kitabu kizima juu ya bega mwaka 1934, na mapema katika kazi yake alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kusoma picha za eksirei mjini humo. Codman alikuwa na wazo lililowaudhi wenzake: kila mgonjwa afuatiliwe baada ya matibabu, na hospitali itangaze nani alipona na nani hakupona. Alifungua hospitali yake ndogo, akachapisha orodha ya makosa 123 katika wagonjwa 337. Mwaka 1915 alionyesha hadharani kibonzo cha kuwakejeli wakubwa wa hospitali za Boston. Kilimgharimu nafasi zake.

Daktari wetu hana ugomvi na wakubwa, ila ana daftari. Upande wa kushoto anaandika alichosoma, wa kulia anaandika kilichokutwa thieta, baada ya kuwauliza madaktari wa upasuaji au kwenda kusimama nyuma yao. Michaniko ya kupenya, pande mbili za daftari karibu zote zinakubaliana. Michaniko ya nusu kano, isiyopenya, ndiyo inayozua mistari mingi ya wino mwekundu: yeye ameandika milimita 4, thieta wamekuta 7, na kwa kuwa kano ina upana wa milimita 12 hivi, tofauti hiyo inavuka ile nusu ambayo madaktari wengi huitumia kuamua kushona. Tangu alipoanza kuyaona hayo, haandiki tena namba moja kavu kwa michaniko ya nusu.

Kila wiki hukutana na madaktari wa mifupa kupitia picha. Mkutano wa mwisho aliousimulia ulikuwa mkali kidogo. Kulikuwa na mhasibu wa miaka 47, hakuwahi kuanguka, ana maumivu ya usiku, na kuna weupe juu ya labramu yake. Daktari kijana wa upasuaji alitaka kuishona. Yeye akamuuliza mkono unageukia nje kwa kiasi gani ukisaidiwa na mtu mwingine. Haikuwa imeandikwa. Mgonjwa akaitwa, mkono haukugeuka zaidi ya robo ya mwenzake. Wakarudi kwenye picha: mfuko wa kiungo kwa chini ulikuwa mnene. Lilikuwa bega lililoganda, ugonjwa ambao hupenda wenye kisukari, na kipimo cha sukari kikathibitisha kwamba anacho. Daktari kijana hakukubali moja kwa moja, na hadi leo anashikilia kwamba labramu ile ina mchango wake. Walichokubaliana ni sindano ya steroidi ndani ya kiungo, dawa za sukari, na mazoezi. Mhasibu akapewa tarehe ya fiziotherapia, ambayo ilikuwa mbali kuliko ile aliyosubiri kupigwa MRI.